Mambo ya Kujua Kabla Hujavua Viatu

Shangazi alikuwa na mashauri arobaini na moja kwa mtu aliyefika ugenini, na hakuna mgeni aliyewahi kuruhusiwa kulala kwake kabla hajayasikia yote. Begi likiwa bado mlangoni na chai haijapoa, yeye alikuwa ameshakunja mikono ya gauni na kuanza. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi mashuka ya hoteli, saa nane kwa siku, na pasi haina mdomo wa kujibu. Maneno yote ya mchana aliyarudisha nyumbani yakiwa mazima.

Alimwanza Fundi vivyo hivyo. Fundi alikuwa mtoto wa kaka yake, mtu mzima wa miaka thelathini na minane, fundi viatu tangu hajang'oa meno ya utoto. Lugha ya kule alikuwa ameisomea miaka miwili jioni jioni, akafika anaijua vizuri ila anaiogopa. Kibali chake kilikuwa cha kutembelea ndugu kwa mwezi mmoja, na kilisema wazi kwamba aje, aone, arudi, asifanye kazi hata ya nusu saa. Wakati huo kiwanda kimoja cha viatu kilikuwa kinazisoma karatasi zake. Akikutwa anafanya kazi kabla kiwanda hakijajibu, safari ingeishia uwanja wa ndege.

"Kwenye basi," Shangazi alisema, "kiti kitupu kikiwa mbali, nenda huko huko mbali."

Akaendelea. Mtu akikuuliza habari, sema nzuri ufunge mdomo, maana yeye keshapita. Ukiambiwa tutaonana siku moja, siku hiyo haimo kwenye kalenda. Usibishe hodi kwa mtu; piga simu, na kabla ya kupiga simu tuma ujumbe uulize kama unaweza kupiga. Taka zina madhehebu: chupa na chupa, karatasi na karatasi, maganda na maganda, na ndoa za mseto haziruhusiwi. Mtu mwenye faili usimdanganye, kwa sababu jibu analo tayari. Mjibu alilouliza, usimjibu unaloliogopa.

Kila shauri lilikuwa na kovu lake. Lile la basi lilitokana na siku Shangazi alipokaa kando ya mama mmoja na kumpa pole ya kikohozi. Mama yule alishuka kituo ambacho hakikuwa chake. Watu wa nyumba ile walizijua hadithi hizi zote, na zilipofika penye utamu walizimalizia kwa pamoja.

Walikuwa wengi wa kuzimalizia. Nyumba ilikuwa vyumba viwili na sebule, ghorofa ya tatu, na mkataba wake ulitaja watu watatu: Shangazi, jamaa yake Mpishi aliyepika shuleni, na mke wa Mpishi aliyeosha vyombo huko huko. Nje ya mkataba walikuwepo wanne. Kulikuwa na dada wawili wa tumbo moja, watunzaji wa wazee. Mlinzi wa ghala. Na Bwana Kesho, aliyeitwa hivyo kwa sababu alikuwa anahama kesho, na kesho hiyo ilikuwa imetimiza miaka miwili. Shangazi hakuwahi kumharakisha. Nyumba isiyo na foleni ya bafuni, alisema, ni ghala.

Mara moja kwa mwaka ofisi yenye jengo ilimtuma mkaguzi, naye alitanguliza barua yenye siku na saa. Siku hiyo wale wanne walisukuma magodoro yao chini ya vitanda, wakavaa viatu na kwenda kuzurura mjini mpaka mkaguzi aondoke. Mpango ulikuwa umeenda kama maji kwa miaka saba. Safari hii ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, na kila mtu alijua isipokuwa Fundi. Mgeni wa mwezi mmoja aliruhusiwa kuwepo, kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kumwambia. Katika yale mashauri arobaini na moja, hilo halikuwamo.

Jumatano ilikuwa siku yake ya tatu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo tunavyosema, na Fundi aliona jua linakwenda kuzama bila mtu kumpa hata ufagio. Aibu ikamshika. Jioni watu walirudi, wakavua viatu ukumbini kama ilivyo kawaida ya nyumba, wakaketi sebuleni kula na kumjadili msimamizi wa Mlinzi, ambaye ilisemekana amewaposa wanawake wawili kwa barua moja, akibadilisha bahasha tu. Habari ilikuwa nzito na sebule nzima ilikuwa inanguruma. Fundi alikaa ukumbini peke yake, akaitazama mistari ya viatu, akaona visigino vilivyolika upande na soli zilizofumuka midomo kama zinataka kusema kitu. Akafungua mkoba wake wa vifaa.

Hakuna aliyesikia soli zikibanduliwa.

Saa mbili asubuhi ya Alhamisi dada mkubwa alikwenda kuvaa viatu na kukuta ukumbi mtupu. Viatu vilikuwa kwenye roshani, juu ya magazeti, jozi sita zimefungwa kamba kama kuku wa sokoni. Viatu vya Mpishi na mkewe tu ndivyo vilivyopona, kwa kuwa vilikuwa vya mpira, na Fundi hakuwa akivihesabu kuwa viatu. Wenyewe walikuwa wameshavivaa na kwenda kazini.

Fundi alisimama kando ya kazi yake akisubiri kushukuriwa.

Shangazi alimweleza habari za mkaguzi kwa sentensi mbili, jambo lililowatisha watu kuliko habari yenyewe. Fundi alisikiliza, akaenda kubonyeza soli moja kwa kidole gumba.

"Gundi hii haiharakishwi," alisema. "Ni mchana na usiku mzima. Ukivivaa sasa, soli itabaki ngazini na wewe utafika chini."

"Mimi leo nilikuwa nahama," alisema Bwana Kesho.

Nje kulikuwa na mvua iliyochanganyika na barafu. Nyumba nzima ilikuwa na jozi moja ya kandambili, nazo zilikuwa za mguu wa kushoto zote mbili, historia yake ndefu. Shangazi aliamua. Wanne walishuka kwa soksi hadi chumba cha kufulia, chini kabisa ya jengo, kila mmoja na kapu la nguo ili aonekane ana shughuli.

Mkaguzi alifika saa nne kasoro dakika moja. Alikuwa mwanamke mfupi wa koti la kijivu, mwenye faili kwapani na uso usiotoa wala kupokea. Alifungua mabomba akayafunga. Alikagua king'ora cha moshi. Akamwomba Fundi pasipoti, akaisoma, akamrudishia. Kisha akafungua mlango wa roshani, na akasimama hapo kwa muda ambao Shangazi aliuona mrefu kuliko miaka yote aliyokaa nchi ile.

"Nani amevifunga viatu hivi?"

"Mimi," alisema Fundi. "Mimi ni fundi viatu."

"Kwa hiyo unafanya kazi hapa?"

Fundi alimtazama Shangazi, akakumbuka alivyofundwa kuhusu watu wenye faili, akanyooka.

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu jana jioni."

Kalamu ikaanza kutembea. Mkaguzi alieleza, bila ukali wowote, kwamba mgeni haruhusiwi kufanya kazi, na kwamba yeye hana budi kupeleka taarifa kwa wahusika. Aligeuza karatasi, akamwekea Shangazi kidole mahali pa kutia sahihi kama shahidi.

Shangazi alishika kalamu. Akitia sahihi, nyumba inabaki. Wanne wanapanda juu, jioni watu wanakula, na habari za msimamizi zinaendelea zilipoishia. Anayeondoka ni mmoja tu. Kaka yake angepiga simu, angelia kidogo, halafu angemsamehe. Kaka yake alikuwa mtu wa kusamehe, na ubaya wote ulikuwa hapo.

Akairudisha kalamu mezani.

"Mwanangu, hapo futa," alimwambia mkaguzi. "Hiyo siyo kazi. Huyu ni mgeni, anashukuru. Viatu ni vya watu wanne wanaolala humu ndani, na mkataba hauwajui. Wako chini kwenye mashine za kufulia, wamevaa soksi."

Mkaguzi alimtazama. "Wote wanne?"

"Wote. Mmoja alikuwa anahama."

Walishuka pamoja. Wanne walikuwa wamekaa kwenye benchi moja, mgongo wima, wakitazama mashine inayozungusha shati moja la Mlinzi. Walipomwona Shangazi na koti la kijivu nyuma yake, dada mdogo aliificha miguu chini ya kapu, kana kwamba miguu ndiyo kosa.

Walirudi juu wote sita. Mkaguzi aliketi sebuleni, akachora mstari juu ya alichokuwa ameandika kuhusu Fundi, akaandika kingine kirefu zaidi. Ndani ya miezi miwili nyumba ile ibaki na watu watatu. Wakizidi hata mmoja, mkataba unakufa. Alikisoma kwa sauti ili asije mtu akasema hakusikia. Shangazi alitia sahihi. Mkono wake ulikuwa mwepesi, lakini alipomaliza aliendelea kuikodolea macho ile namba tatu.

"Jengo hili lina nyumba nne tupu," mkaguzi alisema akifunga faili. "Tunatafuta wapangaji tangu mwaka juzi. Mbona hamkuomba?"

Nyuso nne zilimgeukia Shangazi. Miaka kumi na moja nyuma, wiki yake ya kwanza, aliuliza kitu kwenye dirisha la ofisi ile, akatumwa dirisha la pili, la pili likamtuma la tatu, na la tatu lilikuwa linafungwa. Tangu hapo kila aliyelala kwake alikatazwa kuiuliza ofisi neno lolote. Anayeuliza hujulikana, aliwaambia, na anayejulikana hufuatwa. Hilo lilikuwa shauri namba moja.

Sasa walikuwa wanasubiri aseme. Dada mkubwa alimnong'oneza, je, kwenye fomu waandike wametoka wapi? Mlinzi alitaka kujua kama mtu wa zamu za usiku anahesabiwa. Fundi aliuliza kama kuna mahali pa kukaushia gundi.

"Mnaniuliza mimi?" Shangazi alisema. "Mwenyewe si huyo amekaa hapo."

Wakamgeukia mkaguzi. Halafu Bwana Kesho akakohoa, akauliza mtu anaweza kuhamia lini.

"Jumatatu," alisema mkaguzi.

Bwana Kesho akakaa chini polepole. Maishani mwake hakuna aliyewahi kumpa siku yenye jina.

Baada yake wakaanza wote, mmoja akimkata mwenziwe, na mkaguzi akavua koti. Shangazi alikwenda jikoni. Kupitia mlango ulioachwa wazi alimsikia yule mwanamke akiwaelekeza moja baada ya jingine: pigeni simu tu, hapana, msitume ujumbe kwanza, njooni ofisini wenyewe, msisubiri barua, jirani mgongeeni mlango, atawaonyesha mita ya umeme. Alisikiliza kwa makini akitafuta pa kusahihisha. Hakupaona. Akaichukua birika, akaongeza maji.