Siku Pua Yangu Ilipokaa Kimya

Naijua harufu ya aivar, rojo letu la pilipili hoho, inayoanza kushika chini ya sufuria kabla haijawa harufu. Ni utamu fulani unaokaa vibaya puani. Wanawake wa mtaani kwetu walizoea kunitania: “Trajanka, pua yako wangeiajiri zimamoto!” Siku ile pua ilinipa habari mapema kabisa, nami nikageuza uso nikaendelea kusuuza chupa.

Mwiko alikuwa nao Mwalimu Ljupka.

Alikuwa wa kile chama kinachowafundisha bure watoto walioachwa nyuma katika kusoma. Binti yangu Bisera alikuwa na miaka tisa na herufi zilikuwa bado zinampiga chenga. Mimi niliishia darasa la nne, nikaingia kwenye mashamba ya tumbaku. Kila nilipojaribu kumsaidia tuliishia kulia sote wawili. Ljupka alimchukua, na kufikia kiangazi mtoto akawa anasoma mabango yote ya barabarani kwa sauti, mpaka dereva wa basi anacheka.

Nilishukuru, kwa mdomo. Moyoni wivu ulinikaba. Mwalimu kasema hivi, mwalimu kasema vile. Nywele zikafungwa kama za mwalimu. Siku moja nikampakia aivar kwenye mkate, akaisukuma sahani kidogo tu, kwa adabu.

“Mwalimu yeye haweki kitunguu saumu.”

Jamani! Aivar yangu, ya mama yangu, ya bibi yangu! Nilitoka uani nikapasua kuni ambazo hazikuhitaji kupasuliwa.

Kila Septemba mtaa mzima ulikichangia chama. Huyu analeta gunia la hoho nyekundu, yule mafuta, yule kuni, mwingine chupa tupu. Tunachoma, tunamenya, tunasaga, tunapika siku moja, na Jumamosi tunauza uwanjani. Hiyo ndiyo iliyolipia vitabu na kuni za darasa majira yote ya baridi. Bila sufuria ile darasa halifunguliwi, na Bisera wangu anarudi kule kule kwa kulia. Hayo niliyajua vizuri.

Septemba ile Ljupka aliomba akoroge. “Nifundishe na mimi, Mama Bisera.”

“We koroga tu,” nikamwambia.

Sikumwambia kwamba mwishoni unatoa kuni, na mwiko hauuinui hata kidogo, unakwangua chini mpaka mkono ufe ganzi. Bisera alikuwa amemwegemea kiunoni, wanacheka kitu chao wawili. Nikawatazama. Ndipo harufu ikanifikia. Nikasuuza chupa. Nikachukua nyingine, nikaisuuza nayo.

Aliyepiga kelele ni Bibi Slavka, jirani yangu. “Inaungua! Nyie, inaungua!” Tulikuwa tumechelewa, uchungu ulishapanda hadi juu, na sufuria nzima ikawa ya kumwaga.

“Hiyo siyo kalamu, mwalimu!” mtu akasema, wengine wakacheka kwa hasira.

Ljupka alisimama na mwiko wake, machozi yanamtiririka. “Ni kosa langu. Nisameheni, kosa ni langu.”

Wote walikuwa wakimtazama yeye. Bisera alikuwa akinitazama mimi.

Jioni nilizitoa chupa zote za aivar nilizokuwa nimepika kwa ajili ya nyumba yangu, nikazipanga kwenye meza ya chama. Majirani waliponiona nao wakaenda kuleta za kwao. Wakanisifu kwa roho nzuri. Ljupka akanikumbatia, akalia begani kwangu, na mimi nikasimama kama gogo kwa aibu.

Darasa lilifunguliwa. Mwaka ule tulikula mkate na kabichi ya chumvi mpaka theluji ikaisha, na mtoto hakulalamika hata mara moja. Aliniuliza siku moja tu, nikimfunga nywele.

“Mama, siku ile pua yako ilikuwa wapi?”

“Nilikuwa na mafua.”

“Aa,” akasema, akarudi kwenye kitabu chake.

Imepita miaka ishirini na miwili. Ljupka alihamia Skopje, na siku hizi anayefundisha katika chumba kile ni Bisera. Juzi, siku ya kupika aivar ya chama, alinijia uani na mwalimu mpya wa chama, msichana wa mjini, mikono laini, mwiko kaushika kama fagio. Mjukuu wangu alikuwa ameshamning’inia mwalimu huyo kiunoni na hata salamu hakunipa. Nikausikia ule wivu wangu ukiamka, umezeeka sasa, lakini njia bado unaikumbuka.

Bisera akaniwekea kigoda kando ya jiko.

“Kaa naye hapa, mama,” akasema, akinitazama kwa macho yale yale ya miaka tisa. “Na leo usiwe na mafua.”

Aliondoka kwenda kumenya hoho na wenzake. Mimi nikasogeza kigoda karibu na moto.

“Mwanangu,” nikamwambia yule msichana, “toa kuni mbili. Na mwiko usiuinue.”