Kamba Kwenye Buti

Fundi mzee alikuwa na sifa moja aliyoipenda kuliko chakula: tangu ashike spana, hajawahi kumwambia mteja kitu kimekufa kumbe kizima. Ndiyo maana mwalimu aliyetaka kununua gari la umeme la binti wa fundi huyo alikuja na sharti. Hakutaka karatasi wala namba za kwenye skrini. Alitaka neno la fundi kuhusu betri.

Hapo ndipo penye kasheshe. Miaka minane nyuma, binti huyo, mkunga anayewazungukia wajawazito majumbani, alipolileta gari hilo, baba alitangaza mbele ya ukoo mzima kwamba betri haitamaliza miaka mitatu. Akafagia kona ya gereji ya kulilaza likishakata roho. Binti alimjibu neno moja tu: "Usitukane wakunga, baba, na uzazi ungalipo." Watu walicheka, yeye akanuna. Kona aliendelea kuifagia kila mwaka, na gari la mwanawe hakulipanda hata siku ya mvua.

Sasa akisema betri nzima, ukoo utamcheka. Akisema imekufa na haijafa, jina lake ndilo litakalokufa.

Alianza kwa njia yake: ncha ya bisibisi kwenye mtambo, mpini sikioni. Injini za watu humweleza kila kitu hivyo. Gari hili lilimnyamazia, naye akakasirika hasa.

Akamwambia binti ataliendesha mpaka lizime. Akatupa kamba nene ya kulivutia kwenye buti, akamwomba rafiki yake mwenye lori akae karibu na simu, akaondoka asubuhi peke yake, chaji imejaa. Gari hilo lilipokuwa jipya lilikwenda kilomita mia tatu. Tangu hapo lilikuwa limetembea laki mbili na ushee, nyingi zikiwa za mashimo matupu, mama mwenye uchungu kiti cha nyuma.

Aliwasha kiyoyozi makusudi, akatafuta kila mlima anaoujua. Kilomita mia. Mia na hamsini. Kwenye mteremko mmoja aliona chaji ikipanda badala ya kushuka, akadhani macho yanamdanganya, akarudi juu na kuteremka tena: kweli, gari lilikuwa likijichaji lenyewe kwa kuteremka. Kisha akarudia mara ya tatu. Hiyo haikuwa ya uchunguzi, na mwenyewe alijua. Mzee wa watu alikuwa anafurahi.

Alasiri alifika getini na kilomita mia mbili na sitini, imebaki chaji ya kilomita kama kumi hivi. Miaka minane, betri imepoteza sehemu moja ya kumi! Injini ngapi alizozika yeye zingeweza kusema hivyo? Angeweza kuzunguka tena mpaka lizime, lakini hakuona sababu ya kulitesa.

Mwalimu na binti walikuwa wakimsubiri gereji. Alishuka, akaitoa kamba, akaitundika msumarini.

"Betri nzima," akamwambia mwalimu. "Lichukue. Usipolichukua wewe, nalichukua mimi."

Kisha akamgeukia binti, na sauti ikampungua. "Niliwatukana wakunga, mwanangu."

Binti alikuwa amejiandaa kumtania miaka yote hiyo, lakini akapokea tu ufunguo kutoka kwake. Alinyoosha mkono ampe mwalimu. Baba akauzuia mkono ule taratibu.

"Subiri kidogo," akasema. "Nizungushe kwanza. Sijawahi kukuona ukiendesha."

Akazunguka upande wa pili, akakaa kiti cha abiria, akafunga mkanda.