Nusu ya Paa

Mafundi walikuwa wameshapanda juu ya nyumba, nyundo mkononi, dada mtu alipompigia mdogo wake simu kazini.

"Mama Mawingu, niambie. Tung'oe mabati au tusing'oe?"

Mdogo mtu, mtabiri wa hali ya hewa, alikuwa amekodolea macho picha za setilaiti tangu asubuhi. Msimu wa vimbunga ulikuwa bado mchanga, lakini bahari ilishapata joto, na huko mbali mawingu yalikuwa yamejikusanya kama watu wenye njama.

"Uwezekano wa kimbunga ni mdogo," akasema.

"Usinisomee redio! Nimekubeba mgongoni mimi. Ndiyo au siyo?"

"Ngoja nikupigie."

Aliyemtia wasiwasi ni mama yao. Alikuwa amelala chini ya paa hilohilo, mguu kwenye plasta, mtu asiyeweza kukimbizwa popote. Na mabati yenyewe yalishaoza. Kuyaacha nako kulikuwa kumlowesha.

Akamgeukia mkuu wa zamu. "Bosi, tukipandisha kiwango cha uwezekano kidogo tu? Kwa tahadhari."

"Umeona mzunguko wowote wa upepo?"

"Hapana."

"Sasa unampandishia nani?"

Alimjua anayempandishia. Akazirudia picha moja moja. Upepo wa juu ulikuwa unayafyeka mawingu vichwa. Kila yalipochipuka yalisukumwa pembeni. Chini yake upepo ulipita moja kwa moja, bila kuzunguka. Taarifa aliyoituma ikabaki na neno lilelile: mdogo.

Ndipo akampigia dada yake.

"Dada, ningekuwa na ndiyo ningekupa. Leo na kesho kimbunga hakifiki, hata kikizaliwa sasa hivi. Keshokutwa sijui. Ila mvua jioni ipo, hiyo usibishe. Kwa hiyo msifumue nyumba nzima. Anzeni sebuleni, ezekeni, malizeni, mama ahamie huko. Ndipo mguse chumba chake."

"Fundi atanuna."

"Anune. Plasta si ya kwake."

Jioni mdogo mtu alipofika nyumbani, mvua ilikuwa inapiga bila adabu. Chumba cha mama kilikuwa kimepangwa mabeseni kila kona. Mama mwenyewe alikuwa sebuleni, kitanda kimebanwa kati ya kochi na kabati, mabati mapya yakivuma juu yake. Mkavu.

"Uwezekano mdogo!" dada akapaza sauti. "Na hii ni nini?"

"Hii mvua, dada. Nilikwambia."

"Hebu muacheni," mama akasema. Akamtazama binti yake mdogo, macho mekundu kwa picha za kutwa. "Na hicho kikubwa, kitakuja?"

"Sijui, mama. Asubuhi nitaangalia tena."

Mama akaitikia kwa kichwa, kama aliyepewa jibu kamili.

"Haya, vua viatu. Umenijazia matope chumba changu kipya."