Gunia la Pili

Karakana yetu ya Mlandege, Iringa, inatengeneza mashine za kukoboa mpunga, nami nilipewa kuandika maelekezo yake. Bosi Obeid alinionya: "Mteja asipokuelewa, kazi anapewa mwingine." Sikuogopa. Kiswahili nilipata A, ingawa mpunga niliujua ukiwa wali.

Nikaipeleka karatasi Ubaruku kwa mama Severina, mteja wetu. Aliifuata neno kwa neno: akatega gunia mbele, akawasha, akamimina mpunga. Mchele ukaingia guniani. Pumba zikatokea nyuma, zikanimwagikia mimi.

"Shikamoo babu!" akacheka. "Mvi hizo umezitoa wapi?"

"Mama, mbona hujatega gunia la pili?"

"Umeliandika wapi?"

Angeweza kumpigia Obeid nikafukuzwa. Badala yake alinipa kigoda, akakoboa upya polepole, kila hatua akiisubiri kalamu yangu.

"Mwandikie asiyejua, mwanangu. Anayejua hakuhitaji."

Niliporudi, Obeid alisoma, akaniachia kazi. Siku hizi karatasi ile inaanza, "Tega magunia mawili," na inaisha, "Asante, mama Severina." Obeid anasema mstari huo hauhusiani na mashine. Nimegoma kuufuta.