Gurudumu Ndani, Sindano Nje

Tegua hiki kabla hatujafika mbali: ana meno lakini hali, ana mguu lakini hatembei, na jicho lake moja kazi yake kupitisha uzi tu. Ukijibu cherehani, umepata. Haya, cha pili: nyumba gani mwenyewe hula amesimama, wageni wake wa chuma wamekaa? Hicho hukipati, maana nyumba hiyo ipo moja tu, nayo ni ya Mama Vyerehani.

Mama huyo alikuwa mshonaji wa sare za shule mpaka magoti yalipokataa kukanyaga. Wenzake wakistaafu hupumzika. Yeye akaanza kukusanya. Akisikia kuna cherehani kikuukuu kimetupwa stoo, au kimegeuzwa meza ya redio, alikifuata, akakiomba, akaja nacho. Alikisugua kutu kwa mafuta ya taa, akakidondoshea mafuta kila tundu, akachokoa chini ya meno mavumbi ya nguo ambazo waliozivaa wameshazeeka. Kisha alikizungusha polepole, sikio karibu.

"Sikiliza, baba watoto," alimwambia mumewe. "Huyu alikuwa anashona mapazia. Ana pumzi ndefu."

Mumewe, kinyozi mstaafu, mtu wa kitambi na maneno machache, alisikiliza. Mwanzo hata alifurahia. Lakini vyerehani vilijaza sebule, vikajaza ukumbi, vikaingia chumba cha kulala. Kuvipandanisha haikuwezekana, maana mama alikuwa na sheria yake: mzee hakai kichwani pa mzee mwenziwe. Hata bafuni kilikuwepo kimoja, kimefunikwa nailoni, na kinyozi akioga ilibidi akipe mgongo, kwa sababu mkewe alisema hicho ni cha kike.

Yote hayo aliyavumilia. Kilichomshinda ni kiti.

Alipofunga kibanda chake cha kunyolea, alirudi nyumbani na kiti chake, kile kizito kinachozunguka, chenye pa kuegemeza kichwa. Maisha yake yote alikalisha watu pale huku yeye amesimama, na alijiambia kwamba zamu yake sasa imefika. Akakikalia, akakizoea. Siku moja ametoka dukani, anakuta kimekaliwa na cherehani kidogo cha mkono, kimefungwa kitambaa cheupe shingoni kama mteja anayesubiri wembe.

"Ni kwa muda tu," mkewe alisema. "Huyu kitinda-mimba, sakafu anaiogopa."

Muda ukazaa muda. Kinyozi akawa anakunywa chai wima, anasoma gazeti wima, anasinzia ameegemea kabati. "Mara ya mwisho nimekalia kiti kizima," alimwambia jirani, "ilikuwa msibani. Nilikuwa naomba hotuba zisiishe."

Basi asubuhi moja mama alitoka kwenda kuchukua mzee mwingine. Mlango ulipofungwa tu, kinyozi akampigia simu dada yake, muuza mitungi ya gesi, mwanamke anayebeba mtungi uliojaa kama wewe unavyobeba birika.

"Dada, njoo unichukue. Nahamia kwako."

"Wifi kakufukuza?"

"Hajanifukuza. Nataka kukaa. Kukaa, dada! Makalio yaguse kitu!"

Akapanga nguo zake kwenye sanduku. Alipolifikisha ukumbini, mlango ukasukumwa kutoka nje, ukafunguka nusu, kama kawaida yake.

"Mama, mlango wako haufunguki wote," ilisema sauti ya mwenye mkokoteni.

"Nyuma yake kuna wazee. Wewe sukuma tu."

Akasukuma. Cherehani cha miguu, meza yake na chuma chake chote, kiliingia kwa ubavu, gurudumu likitangulia. Kilipofika nusu, mguu wake ukanasa kwenye mguu wa mwenzake aliyekuwa ndani. Hakiendi mbele, hakirudi nyuma, kama mgeni aliyesikia anasengenywa. Gurudumu likabaki ndani mbele ya kitambi cha kinyozi. Sindano ikabaki nje kwa mama.

"Mama watoto, nipishe nitoke."

"Unatoka unakwenda wapi?"

"Kwa dada."

"Kufanya nini?"

"Kukaa."

Mwenye mkokoteni akakohoa. "Tufungue skrubu hizi, mama, tutoe kichwa. Kitapita."

"Umkate mzee kichwa mlangoni pangu? Una wazimu?"

Hapo ndipo wifi, yule dada wa kinyozi, alipotokea, mikono kiunoni, aproni yake imechanika ubavuni. Akakishika kile chuma, akavuta. Fremu ya mlango ikalia, cherehani kikakaa kimya. Akazunguka dirishani. "Lete sanduku!" Sanduku likapita. "Haya, lete na mwili!" Kinyozi akapitisha kichwa, akapitisha mabega, kitambi kikagoma.

"Ulikula nini, kaka yangu?"

"Anayekula amesimama hajui ameshiba lini," kinyozi alijibu, akarudi ndani kinyumenyume.

Wifi akarudi mlangoni na moto wake. "Wewe wifi, kaka yangu umemfanya mwiko, hana pa kuwekwa! Chuma au mume, chagua!"

"Njoo hapa kwanza," mama alisema. "Aproni yako inaachama." Alikuwa ameshatia uzi, maana mikono yake haikuweza kukaa bure mbele ya sindano. Akamvuta wifi kwa aproni yake, akaiweka chini ya sindano. "Baba watoto, zungusha."

"Nimekasirika mimi."

"Kasirika huku unazungusha."

Kinyozi akazungusha. Sindano ikashuka, ikapanda, tiki-tiki-tiki, mstari ukatoka umenyooka, kama aproni haikupata kuchanika. Wifi, aliyekuwa ameinama kwa kuwa aproni bado iko mwilini mwake, akausikia mlio ule sikioni. Uso ukalegea.

"Kinasema nini?" aliuliza polepole.

"Kila mtu na anavyosikia."

"Mimi nasikia kama ananiita." Akakipapasa kichwa. "Wifi, nipe huyu."

"Huyu hata ndani hajafika!"

"Basi nipe mwingine. Mmoja tu. Mimi naishi na mitungi, wifi. Mtungi hausemi, na siku ukisema, umekufa."

Mama Vyerehani akarudi nyuma hatua. Hakuwahi kutoa hata kimoja. Akainama, akachungulia chini ya meza, kwenye upenyo kati ya vyuma. Aliona miguu ya mumewe imevimba vifundoni, inabadilishana kubeba uzito, huu ukichoka, ule unapokea. Miguu ile alikuwa hajaitazama siku nyingi, yeye anayejua kila mguu wa chuma uliomo humo.

"Kweli ulikuwa unahama?" aliuliza akiwa chini palepale.

"Sitaki kuhama, mke wangu. Nataka pangu pa kukaa. Ungesikia hata magoti yangu yanasemaje, yanalia kuliko hivyo vyote."

Mama akainuka, akafuta macho kwa ncha ya kitambaa cha mafuta, akajipaka weusi mashavuni. "Mtoe kitinda-mimba," alisema. "Wa kitini. Mpitishe dirishani, na ushike shingo."

"Ana tabia gani?" wifi akauliza, sauti imeshuka kama ya mtu aliyekuja kuposa.

"Mpole. Ila ukimwacha bila mafuta, ananuna. Na usimlaze sakafuni."

"Nitalala mimi."

Cherehani kidogo kikapita dirishani bila kugusa popote. Wifi akakipokea kifuani, akafungua sanduku la kaka yake, akatoa koti na suruali, akakizungushia ili kisipate baridi. Akapanda nacho kwenye mkokoteni, na sanduku pia, ili kitinda-mimba apate nguo za kubadilisha, mwenye mkokoteni akasukuma. Kaka aliyemjia hata hakumuaga.

Mtaa ukatulia. Mama akangoja pale nje, mkono juu ya mzee aliyenasa. Kutoka ndani ikasikika ngozi ya kiti ikishuka, pumzi moja ndefu ikitoka, kisha mlio wa kiti kinachozunguka, kikazunguka tena, na tena.

"Baba watoto."

"Naam."

"Na mimi sasa naingiaje?"

"Subiri," alisema kinyozi. "Kwanza nikae."