Bastola Iliyotunzwa Mno

Nilimwamkia mama shikamoo, akanikalia kimya. Alikuwa ameinama kando ya zizi, amenipa mgongo, ananoa panga kwenye jiwe lake la siku zote. Mimi nilikuwa nimepita njia ya nyuma na kikapu cha vitunguu saumu nilichombebea kutoka shambani kwangu kule Daudi. Nikarudia shikamoo. Panga likaendelea kwenda na kurudi. Kwetu mzazi haachi shikamoo ya mwanawe ianguke chini hivihivi. Ukiona hivyo ujue kuna neno. Nikatua kikapu hapohapo, nikaingia ndani kwa hasira, na kuanzia pale sikutulia tena.

Sikuwa nimekuja Mogitu kununiwa. Nilikuwa nimeitwa na Hermani, mdogo wangu, anayeishi na mama. Alinipigia simu akilalamika kwamba ameuziwa bastola mbovu. Mimi Gaudensia ni koplo mstaafu wa polisi, na sehemu kubwa ya utumishi wangu niliimaliza kwenye ghala la silaha, nikifungua na kufunga vyuma vya watu wengine. Sasa hivi nalima vitunguu saumu tu, lakini ndugu zangu chuma chochote kikiwalilia vibaya, hata kiwe cha cherehani, wanaita Gaudensia.

Oliva, mke wa Hermani, akaniletea chai. "Shikamoo wifi."

"Marahaba. Mama ana nini?"

"Kwani ana nini?"

"Nimemwamkia, hajaitika."

Oliva akatazama dirishani, akanyanyua mabega. "Mama siku hizi yuko hivyo. Kuna siku anacheka na sisi vizuri, kuna siku unaongea naye anakuacha tu. Toka kipindi kile cha kiangazi." Halafu kifuniko cha birika kikamponyoka na kugonga sakafu, na hapo Hermani akatokea mlangoni kutoka chumbani, mkono kiunoni, macho yamemtoka. Alipoona ni kifuniko alijifanya anarekebisha mkanda.

Huyo ndiye mdogo wangu wa siku hizi. Wezi waliingia humu ndani baada ya mavuno ya mbaazi, wakamfunga kamba yeye na mkewe sebuleni, wakaswaga ng'ombe wote wakaacha ndama. Toka hapo Hermani hakulala usingizi wa mtu mzima. Aliomba kibali, akasubiri, akahojiwa, akapewa, akaenda Arusha kununua bastola mpya. Sikumlaumu. Mtu aliyefungwa kamba kwenye kiti chake mwenyewe huwezi kumhubiria habari za moyo mkuu.

"Shikamoo dada. Nimeshatoa risasi," akasema, akaiweka mezani. Alikuwa ameifunga kwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, utadhani ni vyombo vya altareni. "Angalia mwenyewe. Hii ni ya mtumba. Wameipaka rangi wakanibambika. Kesho asubuhi na mapema narudi Arusha, watanitambua."

"Utawashika mashati kwa ushahidi gani? Kaa chini kwanza."

Hakukaa. Akaanza kutembea kutoka mlangoni hadi dirishani na kurudi, na mimi nami miguu ilikuwa inaniwasha, kwa sababu huko nje panga lilikuwa bado linanolewa na kila mkwaruzo ulikuwa unanikumbusha ile shikamoo.

Nilihakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba haina kitu, nikaifungua. Slaidi, kile chuma cha juu unachokivuta nyuma kupandisha risasi, ilikuwa inacheza kama jino la mtoto linalotaka kutoka. Reli zake za kutelezea zilikuwa zimelika mpaka rangi nyeusi imekwisha na chuma kimebaki cheupe. Silaha ya namna hiyo ningeitarajia kwa askari aliyeitumia mpaka akastaafu nayo. Kisha nikauelekeza mtutu kwenye mwanga wa dirisha. Ndani mikunjo yake, ile mifereji inayoizungusha risasi, ilikuwa mikali, safi, kama vile imetoka kiwandani juzi.

"Umepiga risasi ngapi?"

"Zile za majaribio nilipoinunua, na nikarudi mara moja tu uwanja wa shabaha. Ndipo ikaanza kukwama."

Mtutu ulikuwa unamuunga mkono. Bastola iliyochoka kwa kupigwa huanza kuchoka mdomo. Hii ilikuwa na mdomo wa kijana na magoti ya mzee, na jambo hilo lilinikera, kwa sababu nimezoea chuma kiseme ukweli hata wenyewe wakidanganya.

"Si ya mtumba," nikasema. "Usiende kumvunjia mtu heshima bure."

"Basi ni vumbi. Si unajua upepo wa mlima huu."

Nililifikiria vumbi. Lakini vumbi haliombi ruhusa. Lingeingia mpaka kwenye magazini, kile kikasha cha risasi, na magazini ilikuwa mpya tupu, hata springi yake haijapata mkwaruzo. Nikapanga vyuma mezani mafungu mawili, vilivyolika huku, vizima kule. Nikavitazama. Nikanywa chai iliyopoa. Nikavitazama tena.

"Hermani, nionyeshe unapopaka mafuta."

Hapo alichangamka. Kila siku jioni aliifungua, akaifuta, akaipaka. Oliva hakuruhusiwa hata kupiga deki karibu. Kidole chake kikaanza kutembea mezani. Hapa kwenye reli. Hapa mtutu unaposugua. Hapa chini ya nyundo inayogonga risasi. Kila kilipotua, kilitua kwenye fungu la vilivyolika.

"Na magazini?"

"Magazini sipaki. Kitabu chake kimekataza."

Palipopakwa mafuta ndipo palipolika. Pasipopakwa pazima. Lakini chini ya nyundo ndipo alipokuwa ameonyesha mwisho, na mimi sehemu ile nilikuwa bado sijaijaribu. Nikaifunga bastola upya, tupu, nikairudisha nyundo nyuma mpaka ikashika. Sikugusa triga. Niliisukuma nyundo kidogo tu kwa dole gumba, ikaanguka yenyewe.

"Umeona?" nikamwambia. Sauti yangu haikuwa nzuri. "Kijino kinachoishikilia nyundo kimekwisha. Hii ikiwa na risasi, ikidondoka, au ukiifunga kwa nguvu, inaweza kujipiga yenyewe. Unailaza wapi?"

"Chini ya mto."

"Ikiwa na risasi juu?"

Akautazama mlango wa chumbani. Oliva, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, alishika fremu ya mlango. Yeye ndiye anayelala upande wa pili wa mto huo.

Nikaifungua tena, nikaing'oa nyundo, nikaitia mfukoni mwa sketi yangu. Kisha nikaomba chupa ya mafuta. Ilikuwa pale dirishani, mahali pa siku zote, kila mtu aliyepita aliiona. Nilipoinyanyua mafuta yalikuwa maangavu, ila chini kabisa kulikuwa na kitu cha kijivu kimetulia kama masimbi ya kahawa. Hermani akanipokonya, akaitikisa. "Huwa naitikisa kwanza," akasema, "kama dawa ya mtoto."

Maskini. Nikamimina tone kwenye ukucha nikalisugua kwa kidole. Lilikwaruza. Haukuwa mchanga wa barabarani. Ulikuwa laini kuliko huo, ule uji wa kijivu unaobaki juu ya jiwe ukishanoa panga kwa maji. Kila mtoto aliyekulia nyumba yetu anaujua, kwa sababu tulikuwa tukitumwa kuumwagia maji. Nao unakula chuma. Kila jioni mdogo wangu alikuwa akiinoa bastola yake kwa mapenzi yote.

Huko nje panga lilikwenda na kurudi.

"Wifi," nikamwambia Oliva, ingawa nilishajua, "ni wewe?"

"Si mimi," akasema taratibu. "Ningekuwa na akili hiyo ningeshafanya."

Hermani alinitazama, akaitazama chupa, kisha akatega sikio nje. Nilimwona akielewa. Uso ulimbadilika ukawa wa mtu aliyepigwa na wa kwake.

"Mama," akasema. "Mama anataka wezi wanikute mikono mitupu?" Akaenda mlangoni akaita. "Mama!" Mama hakugeuka. "Mama, nakuita!" Kuku walitawanyika, mama akamwagia jiwe maji na kuendelea. Hermani akanigeukia. "Unaona? Ndivyo anavyonifanya. Nikiwa nyuma yake anajifanya hanisikii. Na ile asubuhi alinifanya hivihivi."

"Asubuhi gani?"

Alikaa kwenye kiti kwa mara ya kwanza toka nimefika. Akasema kwamba kiangazi kile, alfajiri, alisikia hatua zizini. Akatoka na bastola. Akaona mtu amesimama kati ya ndama. Akauliza ni nani. Hakujibiwa. Akauliza tena kwa ukali, akasema nitapiga, mtu yule wala hakutikisika. Kidole kilikuwa tayari kwenye triga. Ndama mmoja akainua kichwa kumtazama, ndipo mtu yule naye akageuka, akawa mama.

"Alinitazama tu, dada. Akapita kando yangu akaingia ndani. Hatujawahi kulizungumza. Mimi nimwanzeje? Nilimuuliza jina mama yangu, akakataa kunijibu, nikabakiza kidogo nimuue. Kila nikilala naota nimebonyeza."

Oliva alikuwa analia bila sauti. Mimi nilikuwa nimeshasimama. Nilitoka nje, nikachukua sufuria iliyoanikwa kwenye kichanja na mwiko wake, nikaenda nyuma ya mama, karibu kabisa, nikaigonga kwa nguvu zangu zote. Mbwa alibweka. Jirani akachungulia kwenye ua. Mama akalijaribu panga kwa dole gumba, akaona bado, akaendelea kunoa.

Nilijionea aibu. Sisi tumelelewa kumwamkia mzee usoni, umesimama mbele yake vizuri, na ndiyo maana hakuna aliyegundua. Alitusoma midomo. Aliposhindwa kusoma alicheka au aliondoka. Mimi leo ndiye niliyepita njia ya nyuma kama mbuzi, nikaamkia mgongo, kisha nikanuna.

Nikazunguka mpaka mbele yake. Uso wake ukafunguka wote.

"Gaudensia! Umefika saa ngapi? Na wewe unaingia kwangu kimyakimya, hata shikamoo hunipi?"

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu." Macho yake yalikuwa kwenye mdomo wangu.

Nikachuchumaa ili anione vizuri. Nikamwonyesha chupa. Sikuhitaji maneno mengi, na yeye hakujaribu kukana. Alilifuta panga kwenye kanga yake, upande huu na upande huu.

"Jiwe linakula chuma polepole," akasema. "Nilitaka iishe kama kisu kinavyoisha, asijue. Ukimnyang'anya mwoga fimbo yake atatafuta kubwa zaidi."

"Mama, ungemuua. Ungemuua na Oliva."

Alilisoma hilo mdomoni mwangu na nikaona limemwingia. Akaliweka panga chini. Mikono yake ilibaki haina kazi, na sikumbuki kuiona hivyo.

"Sikujua," akasema. "Mimi najua mapanga." Akanisogelea. "Wewe hukuwepo, Gaudensia. Alfajiri niligeuka nikamkuta mwanangu ameninyooshea bastola. Hakuniita. Hakuniuliza neno. Amesimama tu, ameinyoosha. Nikasema, basi nimeshakuwa mzigo, hata huyu niliyemzaa wa mwisho amechoka kunilisha. Nikanyamaza, ningemwambia nani? Usiku nalala nikifikiri, labda ni leo."

"Niliita!" Hermani alikuwa nyuma yake, ametufuata bila viatu. "Mama, niliita. Niliita tena na tena."

Mama alikuwa ananitazama mimi. Alikuwa anangoja nimjibu.

"Njoo huku," nikamwambia Hermani. "Hakusikii. Hasikii kabisa. Njoo mbele."

Alisimama pale alipo, nikaona anaipitia upya alfajiri yake yote. Kisha akaja, akazunguka jiwe, akapiga magoti kwenye matope ya kijivu, uso kwa uso na mama. Alisema taratibu, kama anayejifunza kuongea.

"Mama. Niliuliza. Siku ile niliuliza."

Mama akausoma mdomo wake, hakuamini, akamshika kidevu ausogeze kwenye mwanga. "Uliniuliza nini?"

"Niliuliza, nani?"

Hakumwachia kidevu. Vidole vyake vya kijivu viliacha alama mpaka shavuni.

"Ni mimi, baba," akamjibu. "Ni mama yako. Nimeamka kuwaona ndama."