Kupe Kwenye Gauni Jeupe

Asubuhi ya leo nilikuwa nimekaa chini ya dirisha la chumba cha kushonea, nasoma jiografia kwenye simu. Umeme ulikatika tangu jana jioni, na dirisha lile ndilo linalowahi mwanga kuliko mengine yote ya kwetu. Daftari langu nilimwazima mwenzangu wa darasani wiki mbili zilizopita. Nikaona haya kumdai, basi nikamwomba anipigie picha za kurasa anitumie. Ndiyo mimi huyo. Daftari ni langu, nikaomba picha. Zilikuwa picha ishirini na mbili, na mtihani ulikuwa saa tatu.

Simu ikaniambia imebaki asilimia sita.

Pawabenki ninayo. Kaka yangu anauza vifaa vya simu, aliniletea mwaka huu nilipofaulu. Ni ile isiyotaka waya. Ina sumaku, unaisogeza mgongoni mwa simu inanasa yenyewe, na chaji inaanza kuingia hapohapo. Mama alipoona inavyong'ang'ania akasema, "Hiki si chombo, hiki ni kupe." Jina likagoma kutoka. Kwetu hakuna anayesema pawabenki. Utasikia, "Kupe wako yuko wapi?" au, "Mpe kupe naye ale, umeme umerudi."

Ila kupe ana sheria yake. Mama ni fundi cherehani, na chumba cha mbele ndiyo karakana. Kuna cherehani mbili, meza ya kukatia, meza ya pasi, na pini kila unapokanyaga. Siku ya kwanza kupe alipowekwa kwenye meza ya kukatia alizoa pini zote zilizokuwa karibu, akawa kama nungunungu. Mama mdogo alicheka mpaka akakaa chini. Mama hakucheka. Alisema, "Hicho kisisogee hapa. Nafanya kazi na chuma mimi." Kaka naye alinikalisha akanieleza vizuri: kati ya simu na kupe pasiingie kitu chochote, hasa chuma, maana kikikaa pale kitapata moto. Na hiki nilichokuletea ni cha bei rahisi, akasema, kisikudanganye kwamba kitajizima chenyewe.

Nilisikia. Naandika hivi ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba sikusikia.

Mama mdogo ni mdogo wake mama, tumbo moja. Alikuja kukaa kwetu miaka miwili iliyopita, ndoa yake ilipovunjika, na tangu hapo anafanya umaliziaji: kukata nyuzi, kushona vifungo, kupiga pasi. Mimi si mtu wa maneno. Wageni wakija najifanya nina kazi jikoni. Lakini kwa mama mdogo mdomo wangu unafunguka, sijui kwa nini. Ananiita Kimya. "Kimya, leo shule wamekufanya nini?" Ananiuliza huku anapiga pasi sare yangu, haniangalii usoni, na mimi naanza kumwaga.

Sasa leo asubuhi. Meza ya kukatia nilikatazwa. Sakafu ni saruji, na simu ilishawahi kuanguka pale ikapasuka pembe. Kwenye meza ya pasi kulikuwa na gauni la bibi harusi, satini nyeupe, limekunjwa linasubiri pasi. Mama alilishona mpaka usiku kwa taa ya betri, vya mwisho kushonwa vikiwa vishikizo vya mgongoni, vile vidogo vya chuma vya kubana. Nikaona pale ni laini, simu haitateleza. Nikanasisha kupe, nikailaza juu ya gauni, nikaenda kuoga.

Sikupapasa mgongo wa simu kwanza. Ingekuwa kupapasa tu.

Niliporudi simu ilikuwa imejizima. Nikaishika nikaiachia, ilikuwa ya moto kama sufuria. Nikakamata kwa upindo wa kanga, nikambandua kupe, kitu kikadondoka sakafuni kikalia tiii. Kishikizo kimoja, cha vile vilivyodondoka mama akishona usiku. Kilikuwa kimenaswa katikati muda wote ule. Ganda la kupe, lile la mpira, lilikuwa limelainika kama ubani uliotafunwa. Na kwenye gauni, upande wa kiunoni, palikuwa na alama. Ndogo, haifiki ukucha wa kidole gumba. Rangi ya chai, katikati inang'aa kidogo. Yeyote angeiona angesema hapa pasi imegusa ikaondoka.

Mama alikuwa uani. Nilimsikia anamwaga maji. Zilikuwa hatua kama kumi kutoka nilipokuwa mpaka alipokuwa yeye, na badala ya kuzitembea hatua hizo nililikunja gauni upya, alama ikaenda ndani. Nikachukua begi. Nikaaga kama siku zote.

Mtihani nilifanya. Sikumbuki nilichoandika.

Nilirudi saa tisa. Nikiwa bado nje nikasikia cherehani hailii, na kwetu mchana cherehani isipolia ujue kuna neno. Nikaingia. Gauni lilikuwa limetandazwa juu ya meza ya kukatia, mama kasimama upande huu, mama mdogo upande ule. Pasi ya mkaa ilikuwa kwenye kibati chake inatoa moshi kidogo, maana umeme ulikuwa bado.

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho," mama alisema. "Hii ni nini?"

"Dada, na mimi nakujibu kwa mara ya mwisho. Pasi yangu haikugusa hapa. Satini naipiga na kitambaa juu, kitambaa chenyewe hiki hapa, kina maji mpaka sasa. Kiangalie kama kimeungua."

"Basi gauni limejichoma lenyewe. Liliona baridi."

"Mimi nimelikunjua nimelikuta hivyo."

"Ulilikunjua, hukuniita?"

"Nimekuita. Si ndiyo umekuja, tunasimama hapa?"

Mama akashika kichwa. Shangazi wa bibi harusi alikuwa anakuja kulichukua saa kumi na moja, harusi kesho. Na mwezi wa pili mama mdogo alishaunguza mkono wa koti la mteja, kweli aliunguza, alikiri siku hiyohiyo, na mama akashona mkono mwingine akisema yaishe. Sasa nikaona hayakuisha.

Mama akageuka akaniona mlangoni.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyekuwa humu asubuhi. Uliona alama yoyote kwenye gauni hili?"

Hakuniuliza kwa hasira. Aliniuliza kama mtu anayetafuta shahidi anayemwamini. Mama mdogo naye akaniangalia, na usoni mwake nikaona amepata nafuu, kama mtu aliyeona wa kwao amefika. Alijua nitasema kitu. Mimi na yeye tunasemeshana.

Nikasema, "Sikuona."

Neno moja hilo. Tangu niage asubuhi ndilo neno nililolisema kwa sauti inayosikika.

"Umesikia?" mama akamwambia. "Mtoto hana sababu ya kukusingizia."

"Hajanisingizia. Kasema hakuona." Mama mdogo alikuwa bado ananiangalia. "Labda hakuliangalia vizuri. Si ndiyo, Kimya?"

Nikaangalia viatu vyangu.

"Muache mtoto," mama akasema. Halafu akasema lile jingine. Alilisema akiwa anainama kutafuta kitambaa cha kuziba, kama mtu anayejisemea. "Wewe ni kila unachoshika kinaungua. Hata ndoa."

Mkono wa mama ulikwama ndani ya kapu la vitambaa. Nadhani alitamani alirudishe, lakini lilikuwa limeshatoka na sisi wote watatu tulilisikia.

Mama mdogo hakulia. Alichukua koleo, akatoa mkaa kwenye pasi kipande kimoja kimoja, akauzimisha kwa maji. Akapitia ndani. Mama akakata maua matatu ya lesi akaanza kuyashonea pale kiunoni, moja juu ya alama na mawili kando ili lile la kwanza lisionekane limekuja peke yake. Alikuwa anashona haraka. Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo kabisa, nikaufunga. Nikajiambia ngoja amalize hili ua. Alipomaliza nikajiambia ngoja amalize la pili.

Mama mdogo akatoka na begi lake.

"Unakwenda wapi?" mama akauliza, sindano iko mdomoni.

"Kwa rafiki yangu. Nisije nikaushika na mlango wako."

Alinipita bila kunigusa. Siku zote akinipita hunivuta sikio.

Shangazi wa bibi harusi alikuja saa kumi na moja kasoro. Akalizungusha gauni, akayaona maua. "Haya hatukukubaliana," akasema. Mama akawa hapumui. "Lakini yamependeza. Fundi wewe una jicho." Akalichukua akaenda zake anaimba. Kwa hiyo gauni halikuharibika. Ningesema asubuhi, tungeshona maua matatu, nikapigwa maneno kidogo, na mama mdogo angenicheka mpaka akakaa chini.

Nikaenda chumbani kubadilisha nguo za shule. Chumba nalala na mama mdogo. Kitanda chake kilikuwa kimetandikwa. Na pale kwenye msumari wa nyuma ya mlango ilining'inia sare yangu ya pili, ya kesho, imepigwa pasi, marinda yamesimama yote. Aliipiga mchana, kabla ya gauni. Aliitundika hapa lini? Sijui. Kama ni baada ya mimi kusema sikuona, sitaki kujua, na kama ni kabla pia siwezi kuivaa.

Nilikaa chini nikaiangalia. Halafu nikainuka, nikaenda karakana, nikasimama mbele ya mama.

"Mama, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Gauni. Nililaza simu pale na kupe. Kishikizo kikaingia katikati. Nilirudi nikakuta pameungua, nikalikunja."

Mama alikuwa anafagia vipande vya uzi. Aliendelea kufagia mpaka akafika mlangoni, akauegemeza ufagio ukutani, ukaanguka, akauacha.

"Nilikuuliza."

"Ndiyo mama."

"Mbele yake."

"Ndiyo."

"Na ukasema hukuona."

Nilingoja kofi, kweli nililitaka. Halikuja. Mama alikaa kwenye kiti cha cherehani, akaipapasa ile meza kama anatafuta miwani, na miwani anayo usoni.

"Kwa hicho kishikizo ningekutandika mgongoni, tukasahau," akasema. "Lakini mdomo wangu mimi nani atautandika? Nimemwambia mdogo wangu neno ambalo hata yule mwanaume hakumwambia."

"Ulikuwa hujui, mama."

"Nilikuwa sijui kama ameunguza. Neno lenyewe nilikuwa nalijua." Akachukua simu yake. Akapiga. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Mara ya tatu ikaita kidogo tu, ikakatwa.

Akaniangalia. "Ya kwangu hapokei, na ana haki. Mwandikie wewe."

"Nimwandikie nini?"

"Unamwambia yeye mambo usiyoniambia hata mimi niliyekuzaa, leo unaniuliza mimi? Mwandikie ulichofanya. Mimi usiniombee msamaha, wangu nitakwenda nao kwa miguu kesho asubuhi. Wewe andika wako. Na usiandike 'samahani kwa yaliyotokea.' Hayakutokea. Yalifanywa."

Umeme ulikuwa umesharudi. Nikaenda chumbani, nikaichomeka simu, ikawaka, nikaandika. Nikafuta. Nikaandika kwamba nilikuwa nachelewa, nikafuta, maana sikuwa nachelewa. Nikaandika kwamba niliogopa mama, nikafuta pia. Mama ni mkali lakini hali watu. Nilichoogopa ni macho ya watu kunigeukia, basi. Nilimwacha mtu mzima afukuzwe kwa neno kama lile ili mimi nisiangaliwe kwa dakika mbili. Ukiliandika hivyo halina pa kujifichia.

Mwisho nilituma hivi:

"Mamdogo, ni mimi niliyeunguza gauni. Nililaza simu juu yake ikiwa na kupe, kishikizo kikaingia katikati kikapata moto. Niliiona alama nikaikunja ndani, halafu nikaenda shule. Mama aliponiuliza mbele yako nilisema sikuona. Niliona. Wewe uliniangalia ukidhani nitakusaidia na mimi nikaangalia viatu. Pasi yako haikugusa kitu. Nimeshamwambia mama. Nisamehe ukiweza, na usipoweza najua kwa nini. Kimya wako."

Hilo la mwisho, "wako", nililifuta mara mbili nikalirudisha.

Nilituma saa mbili na dakika tano usiku. Saa mbili na dakika kumi alama zikaonyesha ameusoma. Nikakaa nimeishika simu kwa mikono miwili. Mama amepita mlangoni mara tatu, kila mara ananiuliza kwa macho, na mimi natikisa kichwa. Mara ya mwisho alisema tu, "Lala," akaenda kulala yeye.

Sasa hivi ni saa sita kasoro. Ujumbe upo palepale, umesomwa, na chini yake hakuna kitu.